Muziki Unaegemea Kushoto

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini hujambo, na kwamba wageni wa hoteli yako wanaendelea kuchafua mashuka kwa bidii, maana wakianza usafi utakosa kazi. Hapa hatujambo. Wifi yako analalamikia goti lake, lakini ulimi hauna maumivu yoyote. Kitinda mimba wetu amehamia karibu na kazini kwake, na chumba chake nimekirithi mimi. Wifi yako alikitaka kiwe cha kushonea. Tulilizungumza kwa upole hadi nikashinda, yaani niliingiza spika ndani wakati yeye yuko sokoni.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu za siku hizi zinakamua sauti ya mtu mpaka yanabaki makapi. Barua ina heshima yake. Kuanzia sasa tuandikiane.

Jambo lenyewe ni hili. Nimenunua nyaya mpya za spika. Unaujua mtambo wangu: amplifaya, kinanda cha santuri, na spika mbili zenye kimo cha kabati la vyombo. Kwa muda sasa muziki ulikuwa umeanza kuegemea kushoto. Magitaa yalikuwa palepale, lakini tarumbeta za upande wa kulia zilisikika kama zinapigwa na watu waliofungiwa stoo. Nikaenda kwa muuza vyombo vya muziki ambaye mtaa mzima unamwita Profesa, ingawa chuo chake hakuna anayekijua. Alinisikiliza kama daktari, akafumba macho, akasema tatizo ni nyaya. Zangu nyembamba, sauti inapita imejikunyata. Akanipa nyaya nene kama mkono wa mtoto, zimevikwa soksi ya bluu, na kila mmoja una mshale wa kuionyesha sauti pa kwenda. Bei siiandiki, kwa kuwa wifi yako ndiye anayepeleka barua posta.

Nilipozifunga nikamsikia mwimbaji akivuta pumzi. Nakuapia. Nikamwita wifi yako asikie. Akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akatega sikio, akasema pumzi hiyo ni yangu.

Ukipata likizo ya Agosti uje usikie mwenyewe.

Wako mwenye masikio,
Kaka

27 Februari

Kaka yangu wa pekee (na Mungu alijua kwa nini hakuongeza wa pili),

Barua yako imefika. Niliisoma kwa sauti chumba cha pasi, wenzangu wakacheka mpaka foronya ya mgeni wa chumba cha bei mbaya ikaungua. Nimeandika kwenye taarifa kwamba ni hitilafu ya mashine. Watoto wangu wazima. Mkubwa ameanza kufuga ndevu, zimeota upande mmoja tu, kama muziki wako.

Nimemuuliza fundi umeme wa hoteli kuhusu hizo nyaya. Anasema waya wa spika ukiwa na unene wa kutosha, na safari yake ikiwa ni ya kutoka kabatini hadi ukutani, basi, kazi imekwisha. Uuvike soksi, uuvike na suti, umeme hauna macho. Na ule mshale anasema hauuonyeshi umeme njia. Unamwonyesha mnunuzi mahali pa kuweka hela.

Lakini mimi ni mtu wa haki. Kaa kwenye kiti chako, wifi aingie nyuma ya pazia. Awe anafunga waya wa zamani au mpya bila kukwambia, na wewe useme ni upi. Ukipatia kila mara nitakuomba radhi kwa maandishi, na nitaacha yale majina ninayokuita ukiwa hupo.

Kaka, jambo lingine. Nimekupigia simu mara nyingi. Kila mara anapokea wifi, kila mara uko bafuni. Samaki ndiye anayekaa majini hivyo. Kama kuna neno nimekukosea, liseme.

Mdogo wako asiye na soksi ya bluu

30 Machi

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu, mlaumu mtu wa posta. Tunaendelea vizuri. Goti la wifi yako limepata dawa ya kuchua inayonuka hadi kwa jirani, na jirani ameacha kuja kuazima vitu, kwa hiyo dawa inafanya kazi. Hujanikosea neno. Naoga sana kwa sababu ya joto.

Kuhusu jaribio lako, sikubali. Sikio langu si dereva wa kusimamishwa barabarani na kupulizishwa kifaa cha kupima pombe. Halafu Profesa amenieleza kwamba nyaya mpya huzoea polepole, kama viatu. Ukizipima mapema unazionea. Alikuja hadi nyumbani, akapiga magoti, akagundua kosa langu: nyaya zilikuwa zinagusa zulia, na zulia linanyonya sauti. Ameniuzia vigoda vidogo vya mbao vya kuziinua. Zinapendeza sana. Wifi yako ameanza kuanika soksi zangu juu yake.

Bado kuna kuegemea kidogo. Profesa sasa anashuku waya wa kwenye soketi.

Kazini ni taabu tupu. Wanafunzi wa udereva wa siku hizi hawasemi, wanatafuna maneno. Mtu anashika usukani, ananong'ona kama anatubu dhambi, nami niko kiti cha pembeni namwambia paza sauti, ananitazama kama nimemtukana. Zamani mwanafunzi alikuwa anauliza, “Mwalimu, nipinde?” hata watembea kwa miguu wanasikia. Kwa sasa niko nyumbani siku kadhaa. Mapumziko tu.

Wasalimie wanao, hasa mwenye nusu ndevu.

Kaka

19 Aprili

Kaka,

Sisi wazima. Mashine kubwa ya kukaushia imekufa na tumeanika taulo kwenye uzio wa bwawa la kuogelea, hoteli nzima inafanana na kambi ya wakimbizi wenye pesa. Meneja anatembea ameinamisha kichwa kama aliyefiwa.

Wewe tangu lini shule ya udereva ina mapumziko? Barabara imefungwa? Nilimuuliza wifi kwenye simu. Akanyamaza, halafu akasema, “Muulize mwenyewe.” Wifi kunyamaza! Nilitazama simu nikidhani imekatika.

Basi nakuuliza. Na kwa kuwa najua hutajibu, fanya mambo mawili madogo, hayahitaji pazia wala shahidi. La kwanza, hamisha nyaya: wa kulia upeleke kushoto, wa kushoto upeleke kulia. Kama udhaifu utahama, basi Profesa ana haki na mimi nitakula hii karatasi. Usipohama, fanya la pili. Geuza kiti, uzipe spika mgongo, uweke santuri ileile. Spika iliyokuwa kulia kwako sasa itakuwa kushoto. Kisha niandikie muziki unaegemea wapi.

Sikufafanulii zaidi. Wewe ni mwalimu, utaelewa.

Mdogo wako

25 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Mvua zimekwisha. Wifi yako anatembea vizuri sasa, kwa bahati mbaya anatembea hadi chumba cha muziki.

Nilikubali lile jaribio la pazia, si lako la kiti. Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilikaa, wifi yako akaingia nyuma ya pazia. Nikawa nasema na yeye anaandika. Duru ya kwanza nilisikia joto na uwazi, nikajua ni waya mpya. Ya pili ilikuwa na ukungu, waya wa zamani huo. Ya tatu tarumbeta ziling'aa. Tuliendelea hivyo mpaka santuri ikaisha pande zote mbili, na mimi nilikuwa na uhakika ambao sijawahi kuwa nao hata siku ya ndoa. Nikamwambia atoe majibu. Akafungua pazia. Amekaa juu ya ndoo, ana gazeti la mitindo, waya haukuguswa hata mara moja. Goti linauma, anasema, hawezi kuchuchumaa kwa ajili ya upuuzi. Waya ulikuwa ni uleule mwanzo hadi mwisho.

Sikuongea naye mpaka Jumatano. Anasema ilikuwa ni wiki nzuri.

Nyaya zile nilizihamisha, kama ulivyosema. Udhaifu haukuhama. Habari ya kiti sijaipatia nafasi.

Nimekumbuka kitu nikataka kukuuliza. Baba alikuwa na umri gani alipoacha kuja mezani?

Kaka

8 Juni

Kaka yangu,

Barua hii haina salamu ndefu. Sisi wazima, mashine ya kukaushia imefufuka.

Baba alikuwa na umri wako. Unajua hivyo, ndiyo maana umeuliza. Aliacha kuja mezani kwa sababu alidhani tunanong'ona makusudi. Alihamia barazani na kiti chake, akawa anajibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza, na sisi sote tukasema ni uzee. Hakuna aliyempeleka kokote. Mimi nilikuwa mdogo nikiamini watu wote wakizeeka huwa wanahamia barazani.

Wewe hujahamia barazani. Umehamia chumba cha mtoto na spika mbili. Wanafunzi hawanong'oni, Kaka. Mwanafunzi anakaa kulia kwako. Simu haikamui sauti, unaipeleka sikio la kulia kwa mazoea. Na mimi tangu Februari nimepata barua nyingi kutoka kwako kuliko maisha yangu yote, nikafurahi, mjinga mimi, nikidhani umenikumbuka.

Nachukua likizo mwanzoni mwa Agosti. Tutakwenda kupima. Ukikataa nitakuvuta kwa sikio, na nitashika lile zima ili unisikie nikikutukana.

Geuza kiti.

Mdogo wako

14 Julai

Mdogo wangu,

Nimegeuza kiti.

Nilingoja wifi yako aende kanisani. Nikaweka santuri, nikakaa nimeutazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Spika iliyokuwa imekufa ikafufuka, na iliyokuwa nzima ikafungiwa stoo. Tarumbeta zote zikaja kushoto, na magitaa yakapotea. Nikasimama, nikageuka, zikarudi. Nikageuka tena. Nilizunguka pale katikati ya chumba kama kuku aliyekatwa kichwa, na popote nilipogeukia muziki ulinifuata kushoto.

Sasa nikwambie na lile la mapumziko, maana wifi yako ameapa kutosema na najua linamchoma. Mwezi wa tatu nilikuwa na mwanafunzi, muuguzi, mwanamke mtu mzima mwenye akili zake. Tunakaribia kona. Yeye anasema aliniuliza, “Mwalimu, breki ni ipi, nimechanganya.” Mimi nilisikia muungurumo tu, nikadhani anauliza kama anaendesha vizuri. Nikamwambia, “Hivyohivyo, endelea.” Akaendelea. Tuliingia kwenye duka la samani lililopanga makochi nje. Tulisimama katikati ya seti ya watu saba, taa moja ya gari imechungulia kwenye mto wenye maua. Nilikuwa na breki yangu miguuni, ya mwalimu, na niliikanyaga baada ya kochi la pili.

Hakuna aliyeumia. Muuguzi alilia, halafu akacheka, halafu akaniangalia kwa namna ambayo nilijua ameelewa. Ni muuguzi bwana. Akaniuliza kitu taratibu upande wa kulia, kwa makusudi, na mimi nikamwambia, “Asante, na wewe pia.”

Bosi amenihamishia darasani kufundisha alama za barabarani. Ni vibaya zaidi. Wanaouliza maswali wote wanakaa upande wa dirishani, na dirisha liko kulia.

Siogopi kutosikia muziki. Hilo nimeliwaza. Naogopa kuwa mtu anayeambiwa, “Achana nayo, hamna kitu,” kila anapouliza mnacheka nini.

Njoo Agosti. Usiniletee taulo za hoteli.

Kaka

24 Agosti

Kaka,

Nimefika salama, nimekuta mashuka yamerundikana hadi dirishani. Naandika haraka kabla hujaanza kuwasimulia watu toleo lako la yaliyotokea.

Ilikuwa hivi. Daktari alichungulia sikio la kulia akatoa donge la nta, kubwa kama punje ya mahindi, na ndani yake kipande cha pamba ambacho hujui kiliingia lini. Ulisimama. Ukamshika daktari mkono kwa mikono yote miwili, ukamwambia umepona, dunia ina sauti, ukatoka. Nilikukimbiza hadi kwenye korido, umeshaanza kuwaaga wagonjwa wengine. Kumbe daktari alikuwa hajaanza kupima.

Halafu ukaingizwa kwenye kile kichumba chenye kioo, na vile vipokea sauti masikioni, na kitufe cha kubonyeza ukisikia mlio. Ulianza na uso wa mtu anayeonja asali. Unabonyeza, unatikisa kichwa, unabonyeza. Daktari akaniambia kwa chini kwamba bado hajawasha kitu. Nikamwambia avumilie, mgonjwa ana uzoefu.

Akapima kushoto, safi. Akahamia kulia. Nikaona kidole gumba chako kimekaa juu ya kitufe, hakisogei. Daktari anazungusha kile kidude chake, anaongeza, anaongeza, na wewe umekaza macho kama mtu anayemsubiri ndugu stendi na mabasi yameisha. Hapo sikucheka, na unajua mimi ninavyocheka.

Aliposema halitarudi kama zamani ila kifaa kitalisaidia, ulisema, “Haya,” kama unachagua viatu. Tulipotoka ukanizunguka ili niwe kushoto kwako. Nikakaza mwendo.

Kifaa kivae. Usikiweke kwenye droo na miwani. Wifi anasema kimekaa kama korosho na kinakupendeza kuliko nywele.

Na kama unajiuliza kwa nini nilichelewa kutoka pale, ni kweli niliomba kupimwa na mimi. Mashine za kufulia zina kelele na mimi nimezeeka nazo. Alichosema daktari ni changu.

Mdogo wako

15 Septemba

Mdogo wangu mpendwa,

Hatujambo sote. Aliyokuambia daktari si yako peke yako. Nitapiga simu Jumapili, upokee, na usiniambie uko bafuni.

Korosho naivaa. Siku za kwanza nilitaka kuitupa. Niligundua kwamba jokofu letu linaongea, kwamba viatu vyangu vinalia, na kwamba wifi yako anatafuna. Lakini nimezoea. Bosi alinipima kwa njia yake: alishika usukani mwenyewe, tukazunguka mjini akininong'oneza. Alianza na “nipinde kulia?” na tulipofika kwenye mzunguko wa barabara alikuwa ananitukana kwa sauti ya chini kabisa. Nilimjibu yote, hadi la mwisho kuhusu kipara changu. Mwezi ujao narudi garini. Muuguzi amejiandikisha upya na ameomba awe kwangu.

Muziki umerudi katikati. Si kama zamani, upande wa kulia una ubatibati kidogo, lakini tarumbeta zimetoka stoo. Nilimpitia Profesa kumwambia tatizo halikuwa nyaya. Akanipongeza. Akasema, “Si nilikwambia zinahitaji muda kuzoea?” Alikuwa anaondoka kwenda kumhudumia mteja mwingine, mzee kama mimi, ameinamisha shingo upande.

Sasa sikiliza hili, na ulifiche.

Jumapili iliyopita baada ya kula nilijilaza kidogo. Mimi nikilala ubavu wa kushoto, sikio zima linakuwa ndani ya mto na dunia inazimika. Imekuwa hivyo muda mrefu, wifi yako anajua. Nilichokuwa sikijui mimi ni kwamba huo ndio wakati wake wa kuongea. Safari hii nilisahau kuvua korosho. Aliingia na nguo alizoanua kambani, akaanza kuzikunja, akaanza na maneno.

Alianza na nyaya, akapita kwa Profesa, akakaa kwako kidogo (anakusifu, utashangaa). Sikutikisika. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya kukunja nguo:

“Siku ile ya makochi, yule muuguzi alinipigia kabla hujafika. Alisema uko mzima. Mimi sikumwamini. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango, chakula kikaungua, nikakaa tu, mpaka nilipokuona unakuja kwa miguu yako. Ulipofika nikakugombeza kwa kuingia na matope. Sikujua niseme nini kingine.”

Nilifumba macho nikayakaza. Nilikumbuka ugomvi ule wa matope. Nilimnunia kwa ajili ya maneno hayo.

Akakunja mashati mawili. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti hata kidogo, “Na hiyo korosho nimeiona iko sikioni tangu nilipoingia. Inuka ushike blanketi upande wa pili, mimi peke yangu siliwezi.”

Nikainuka, nikashika ncha zangu. Tukalikung'uta, tukalikunja, tukasogeleana. Alipofika kwangu akachukua ncha zangu mkononi, na hakuondoka mara moja.

Kaka yako